Mpira wa pointi 100 na vipepeo wa Kitale

Leo tuache kodi kidogo, tuongee mpira wa kikapu.

Machi 2, 1962, katika mji mdogo wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 peke yake. Timu yake, Philadelphia Warriors, iliilaza New York Knicks 169 kwa 147. Mitupo ya kawaida iliingia 36 kati ya 63, mitupo huru 28 kati ya 32. Katika NBA hakuna aliyefikia hapo tena. Mimi kama mtu wa programu, swali langu ni moja tu: ushahidi uko wapi?

Maana video haipo. Hakuna televisheni iliyoonyesha mechi ile, na watazamaji walikuwa 4,124 tu. Ile picha maarufu ya Wilt akishika karatasi yenye namba 100? Namba iliandikwa kwa mkono na Harvey Pollack, afisa habari wa timu. Aliyepiga picha, Paul Vathis wa shirika la AP, alikuwa amekuja na mwanawe kustarehe, ikabidi akachukue kamera garini. Yaani tumenusurika kwa sababu ya kipande cha karatasi na gari lililoegeshwa karibu!

Sasa sikilizeni kisa cha mpira wenyewe. Vurugu za mwisho wa mechi zilipoanza, mvulana wa miaka 14 aliunyakua mpira akatoka nao mbio. Aliucheza miaka mingi, akautunza. Mwaka 2000 ukapelekwa mnadani na bei ikafika zaidi ya dola 550,000. Kabla pesa hazijatulia ukazuka ubishi: wengine waliokuwepo walidai mpira wa pointi ya 100 uliondolewa uwanjani papo hapo, na mvulana alichukua ule uliowekwa badala yake. Mauzo yakasimamishwa. Uliponadiwa tena ulipata kama dola 67,000. Ngozi ni ile ile, hewa ni ile ile. Kilichopotea ni uhakika wa ulikopitia.

Hapa ndipo nakumbuka Kitale. Ukiingia Makumbusho ya Kitale, jua kwamba yalianza kama mali ya mtu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa na wazimu wa kukusanya wadudu, ndege na vitabu. Alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1966 akaiachia serikali mkusanyiko na pesa za kujengea jengo jipya, lililofunguliwa mwaka 1974. (Mambo ya walowezi na ardhi ya Trans Nzoia ni makala nyingine, tena ndefu.) Nachotaka kusema ni hiki: watu wa wadudu wana kanuni kali. Chini ya kila kipepeo, kwenye pini ile ile, huchomekwa kikaratasi kidogo: mahali, tarehe, aliyemkamata. Kipepeo asiye na kikaratasi hicho ni pambo la ukutani. Sisi tunaiita metadata na kujifanya tumeivumbua.

Mpira wa Hershey haukuwa na kikaratasi. Lakini sauti ilikuwa nacho. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Jim Trelease, alirekodi kwenye kanda marudio ya robo ya nne, yaliyorushwa redioni usiku wa manane, Bill Campbell akitangaza. Miaka mingi baadaye ikajitokeza rekodi ya pili, ya mashine ya diktafoni, na NBA ikaziunganisha. Mwaka 2016 sauti hiyo iliingizwa kwenye orodha ya rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Hakuna anayeigombania mnadani, lakini ukitaka kujua kilichotokea robo ile, ndiyo ya kwanza kusikiliza.

Kwetu mambo yamegawanyika vibaya. Eliud Kipchoge alipokimbia 1:59:40 kule Vienna, Oktoba 12, 2019, kila hatua ilionekana moja kwa moja duniani kote. Lakini mechi za kikapu za shule za upili hapa Bungoma au Kitale? Alama huandikwa kwa kalamu mezani, refa anatia sahihi, timu zinapanda basi, na karatasi inaishia kwenye droo ya mwalimu wa michezo. Mwalimu akihamishwa, droo inasafishwa. Huenda kuna msichana aliyewahi kufunga pointi 60 kwenye uwanja wa murram na leo hana la kumwonyesha mwanawe.

Kwa hiyo kama una karatasi ya namna hiyo nyumbani, ipige picha kabla mchwa hawajaifikia. Faili lipe jina lenye tarehe, uwanja na timu mbili, si IMG_0043. Na karatasi yenyewe usiitupe: nyuma yake andika kwa penseli nani aliiandika, na ilikufikiaje.