Mawe Yaliyovuka Korongo: Historia Fupi ya TARURA kwa Macho ya Mtinko

Mtu aliyekulia Mtinko, mkoani Singida, anajua kuogopa korongo. Kwa miezi saba au minane ni mchanga mkavu. Ng'ombe wanapita, baiskeli inasukumwa, wanafunzi wanakatiza wakiimba. Mvua za Desemba zikifika, korongo hilohilo hushuka na maji mekundu yanayobeba magogo. Mama mjamzito anayepelekwa Hospitali ya St. Carolus hukaa ng'ambo akisubiri maji yapungue, na gunia la alizeti hulala njiani huku bei ya mnadani ikipita. Historia ya TARURA, kwetu sisi, inaanzia kwenye ukingo wa korongo hilo.

Zamani barabara za vijijini zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ulioanza kazi Julai 2000, ulishika barabara kuu na za mikoa. Zile za kutoka kijiji hadi kijiji zilibaki kwa wahandisi wachache wa wilaya, na fedha zake ziligombaniwa na madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2017 ukaundwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), na tarehe 2 Julai Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaizindua mjini Dodoma. Ilirithi mtandao wa kilomita zaidi ya 108,000, ambao baadaye ulitambuliwa kuwa zaidi ya kilomita 144,000. Sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, na mgawo wake katika Mfuko wa Barabara ulikuwa asilimia 30, TANROADS ikichukua 70. Nafuu iliyoonekana ilikuja Julai 2021, pale shilingi 100 zilipoongezwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi.

Hata hivyo, fedha peke yake zisingelifikisha daraja kila kijiji. Daraja la zege linataka nondo, saruji nyingi na magari ya kubeba kokoto kutoka mbali. Jibu lilitoka Kigoma, ambako mradi uliosaidiwa na Ubelgiji kupitia shirika lake la Enabel ulianza kujenga madaraja ya upinde kwa mawe. TARURA ikaichukua kazi hiyo na kuisambaza mikoani, Singida ikiwemo. Na kama kuna mkoa ulioumbwa kwa ajili yake, ni huu wetu. Mawe ya matale yametapakaa kuanzia mjini hadi mashambani, makubwa kuliko nyumba, na kizazi baada ya kizazi tumeyatazama kama kizuizi cha jembe.

Nataka nikae kidogo kwenye ujenzi wenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoingia. Kazi huanza kwa kuchimba msingi hadi kwenye mwamba au udongo mgumu. Kisha mbao na miti hupangwa kuwa fomu yenye umbo la upinde. Mafundi hupanga mawe kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, jiwe kwa jiwe, wakiyaunga kwa udongo wa saruji, hadi jiwe la katikati juu liingie na kubana yote. Tangu hapo uzito wa gari hauvunji upinde. Unayasukuma mawe yakabane zaidi na kuishia kwenye misingi ya kando. Ndiyo maana nondo hazihitajiki.

Anayepasua mawe hayo, mara nyingi, ni baba na wanawe, au mama na dada zake, wenye nyundo na tindo walizorithishana. Mwashi humfundisha mtoto wa nduguye kushika timazi na pimamaji. Hata upande wa makandarasi, waliosajiliwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, wale wa ngazi za chini za usajili ni mara nyingi kampuni za ndugu: mzee ndiye mwenye leseni, kijana anasimamia eneo la kazi, binti anaandika vitabu vya hesabu. Kumbukumbu za wakala huandika mita na shilingi. Naona ni haki ziandike pia kwamba ustadi huu ulilelewa ndani ya kaya.

Si kila mto unavukwa hivi. Mto Sibiti, kati ya Mkalama na Meatu, ulihitaji daraja la mita 82, na hiyo ilikuwa kazi ya TANROADS. Upinde wa mawe ni wa makorongo yetu, yale yasiyo na jina kwenye ramani.

Siku ya kutoa fomu, mafundi hupunguza kabari moja moja, taratibu, pande zote sawa. Kelele hukoma. Upinde hutulia mahali pake, wakati mwingine kwa mlio mdogo tu, kisha fundi mkuu huvuka kwa miguu akiwa wa kwanza, na nyuma yake hufuata mkokoteni wa ng'ombe.