Saini ya Mama: Watoto wa Luzerne na Haki ya Kuwa na Mwanasheria



Mwaka jana mdogo wangu wa miaka 15 alikamatwa kwenye msako. Kituoni wakampa karatasi ya Kiingereza, wakamwambia, "Saini hapa uende nyumbani." Akasaini. Kumbe alikuwa amekubali kosa. Tulihangaika siku nne mpaka akatoka, lakini ile karatasi bado iko kwenye faili fulani, na jina lake liko juu. Tangu hapo nimekuwa nikisoma mambo ya watoto na mahakama. Leo nawasimulia historia ya nchi ambayo wengi wetu tunaiota usiku, Marekani. Nayo pia ina karatasi ndani yake.

Tuanzie mbali kidogo. Zamani kule, mtoto akiiba aliweza kuhukumiwa kama mtu mzima na kufungwa pamoja na watu wazima. Mjini Chicago kulikuwa na wanawake ambao jambo hilo liliwauma: Lucy Flower, Julia Lathrop, Jane Addams na wenzao. Jane Addams alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Hull House, nyumba iliyosaidia wahamiaji maskini, yaani watu wageni kama sisi. Wanawake hao hawakuwa na kura ya kumchagua rais wala mbunge, lakini walibishana na wakubwa mpaka 1899 jimbo la Illinois likapitisha sheria, na mahakama ya kwanza ya watoto Marekani ikafunguliwa Chicago. Majimbo mengine yakafuata.

Wazo lao lilikuwa zuri: jaji awe kama baba, asiadhibu tu, bali amrekebishe mtoto. Lakini ndani ya wazo hilo kulikuwa na tundu. Mbele ya baba, nani anahitaji mwanasheria? (Sisi wa Kongo tunasema avoka.) Basi watoto wakawa wanasimama peke yao. Baba akiwa mwema, sawa. Na akiwa mkali bila sababu? Au akiwa na njaa ya pesa?

Jibu la kwanza lilionekana Arizona. Tarehe 8 Juni 1964, mvulana wa miaka 15, Gerald Gault, alikamatwa kwa sababu jirani alidai amepigiwa simu ya matusi. Wazazi walikuwa kazini, hakuna aliyewaachia hata ujumbe. Yule jirani hakufika mahakamani hata siku moja. Gerald hakuwa na mwanasheria. Jaji akaamua apelekwe kwenye shule ya watoto wakosaji mpaka afikishe miaka 21, yaani miaka 6! Mtu mzima kwa kosa hilohilo angelipa faini ya dola 5 hadi 50, au angefungwa miezi isiyozidi miwili.

Wazazi hawakunyamaza. Wakampata mwanasheria mmoja mwanamke, Amelia Lewis, na chama cha kutetea haki za raia, ACLU, kikaibeba kesi mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 15 Mei 1967 mahakama hiyo ikasema mtoto naye ni mtu mbele ya sheria: aelezwe anashtakiwa kwa nini, awe na mwanasheria, amhoji anayemshtaki, na asilazimishwe kujishtaki mwenyewe.

Hapo tungesema hadithi imeisha, haki imepatikana. Bado. Haki iliandikwa, lakini ikabaki njia moja ya kuikwepa: mtoto mwenyewe aliweza kusema haitaki.

Twende Pennsylvania, kaunti ya Luzerne. Mwisho wa 2002 kituo cha serikali cha kuzuilia watoto pale kilifungwa, na mwanzoni mwa 2003 kikafunguliwa kipya, cha watu binafsi wanaolipwa na kaunti. Jaji wa watoto alikuwa Mark Ciavarella. Alisifika kwa ukali, na watu wengi walimpigia makofi. Shule zilimpenda, manake mwanafunzi msumbufu alikuwa anaondolewa haraka. Kijana akipigana shuleni au akiiba kitu kidogo dukani, alifungwa pingu hapohapo mahakamani, mama yake akitazama.

Na mwanasheria je? Kabla ya kuingia kwa jaji, mzazi na mtoto walipewa karatasi ya kusaini kwamba wamekubali kusimama bila mwanasheria. Wengi waliona ni utaratibu tu, kama kusaini umefika. Mama anasaini kwa mkono wake, halafu baada ya dakika mbili mwanawe anachukuliwa.

Mwaka 2007 mama mmoja alipiga simu Philadelphia, kwenye ofisi ya Juvenile Law Center. Hilo ni shirika lisilo la faida, lililoanzishwa 1975 na vijana wanne waliokuwa wametoka kumaliza masomo ya sheria. Binti yake alikuwa amefungua ukurasa wa utani kwenye intaneti kumcheka naibu mkuu wa shule, akahukumiwa miezi mitatu. Shirika likamtoa. Halafu likafanya jambo ambalo ndilo limenifanya niandike leo: halikufunga faili. Likauliza, je, ni huyu peke yake?

Wakaanza kuhesabu. Wakakuta kwamba Luzerne karibu nusu ya watoto walikuwa wanasimama bila mwanasheria, mara kumi ya wastani wa jimbo zima. Aprili 2008 wakapeleka ombi Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iingilie kati. Angalieni vizuri hapa: wakati huo hawakujua habari yoyote ya rushwa. Walikuwa na hesabu tu, na watoto waliokosa mtetezi. Mwanzoni mwa Januari 2009 mahakama ikalikataa ombi lao, bila kueleza kwa nini.

Tarehe 26 Januari, wiki chache tu baadaye, waendesha mashtaka wa serikali kuu wakatangaza mashtaka: Ciavarella na jaji mwenzake, Michael Conahan, walipokea zaidi ya dola milioni 2 kutoka kwa watu waliohusika na kujenga na kumiliki vituo vya kufungia watoto. Nchi nzima ikashtuka. Ile mahakama ikarudi nyuma, ikalifungua ombi lililokataliwa. Oktoba 2009 ikafuta hukumu za watoto zaidi ya 2,000 waliopita kwa Ciavarella kuanzia 2003 mpaka 2008. Mwaka 2011 Ciavarella akafungwa miaka 28, Conahan miaka 17 na nusu. Ciavarella alikiri kupokea pesa, lakini mpaka mwisho alikana kwamba aliuza watoto.

Watu wengi wakisimulia habari hii, wanasimulia pesa. Mimi naona tunakosea. Hata kama majaji wale wasingepokea senti moja, watoto wale walikuwa wamenyimwa haki iliyoandikwa tangu 1967. Ndani ya chumba kile kulikuwa na waendesha mashtaka, maofisa wa mahakama, wanasheria wa wengine, na walimu walijua. Miaka mitano waliona na walinyamaza, manake kila kitu kilikuwa na saini. Ilipofika haki ya mtoto peke yake, mahakama ilisema hapana. Ilipofika pesa, ikaamka.

Lakini hesabu ya wale wanasheria haikupotea. Ombi lao lilikuwa tayari mezani siku dunia ilipogeuka kutazama. Na hawakuishia kwa majaji wawili. Walidai sheria ibadilike, na 2012 Pennsylvania ikaamua kwamba kila mtoto anayefikishwa mahakamani ahesabiwe hana uwezo wa kulipa mwanasheria, basi apewe. Hawaulizi tena mfuko wa mama. Kukataa mwanasheria nako kukawekewa masharti magumu. Tundu la karatasi likazibwa, angalau kule.

Wazazi wengi hawakupona, hilo tuseme ukweli. Mwaka 2022 mahakama iliamuru majaji hao walipe zaidi ya dola milioni 200. Desemba 2024 Conahan akapunguziwa kifungo na rais, na akina mama wa Luzerne wakalia upya.

Kwetu Kongo, mwezi uleule wa Januari 2009, tarehe 10, ilitiwa saini sheria ya kulinda mtoto. Ilileta mahakama za watoto, na ikasema mtoto chini ya miaka 14 hawezi kubebeshwa kosa la jinai. Sheria nzuri kabisa. Sasa mwulize mtu aliyepita kwenye kasho zetu kama aliwahi kuisikia.

Ndiyo maana kikundi chetu kimenunua daftari. Kijana wetu akikamatwa tunaandika tarehe, umri wake, alisaini nini, kwa lugha gani, na kama kulikuwa na mtu wa kumtetea. Hatuandiki kwa hasira, tunahesabu tu. Mpaka leo tuna majina 11, la kwanza ni la mdogo wangu.

Wewe uliye na kijana nyumbani, mwambie leo kabla hajatoka: aseme jina lake kwa heshima, aombe mzazi aitwe, na kama haielewi karatasi asiisaini. Likitokea lolote, njoo utuambie. Daftari bado lina kurasa nyingi.