Gari Lisilo na Namba: Mkokoteni wa Ng'ombe katika Historia ya Usukuma

Neno gari lilifika pwani kutoka Bara Hindi, na kabla halijawa na injini lilikuwa na mnyama. Watu wa miji ya pwani walilitumia kwa kila chombo chenye magurudumu: gari la ng'ombe, gari la punda, gari la moshi, na mwisho gari la mafuta. Leo neno hilo likitajwa peke yake hakuna anayemfikiria ng'ombe. Chombo kinachovutwa na mnyama kimeachiwa jina la mkokoteni, litokanalo na kukokota, nalo ni jina lenye harufu ya jasho na polepole. Neno lilipohama, hadhi nayo ilihama. Ndiyo maana historia ya magari yaliyoundwa na mikono ya watu wa Afrika Mashariki huandikwa kana kwamba ilianza na injini.

Historia hiyo inajulikana. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliwataka wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la taifa. Mwaka 1990 likaonyeshwa hadharani kwa jina la Nyayo Pioneer. Yaliundwa magari ya mfano 5, yakasifiwa kwa kwenda kilomita 120 kwa saa, na safari ikaishia hapo, kwani kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikuwahi kusimama. Tanzania ilikuwa na mradi wake wa Nyumbu, huko Kibaha, chini ya jeshi, ambao mwaka 1985 ulifanywa kituo rasmi cha teknolojia ya magari, na lori lililoundwa hapo likapewa jina la mnyama huyo wa mbugani. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kikaonyesha Kiira, gari la umeme la watu wawili. Mwaka 2022 mchora vibonzo Masoud Kipanya akazindua Dar es Salaam gari lake dogo la umeme. Kila moja kati ya hayo lilipata siku yake ya kupigwa picha.

Mkokoteni wa Usukuma haukupata siku hiyo. Hauna mzinduzi wala tarehe ya kuzaliwa, na haumo katika daftari la taifa la magari. Lakini katika wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ambazo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu, mkokoteni ndio uliobeba pamba, maji, kuni, tofali, mgonjwa na bibi harusi. Iwapo kipimo cha chombo ni kazi iliyofanyika, basi gari la wenyeji lililofaulu kuliko yote katika nchi hizi ni hili lisilo na namba.

Msomaji wa visiwani aliyezoea kuona bara kama nchi ya misafara atauliza kwa nini gurudumu lilichelewa kiasi hicho kufika kwa watu wenye ng'ombe wengi namna ile. Jibu moja lina mabawa. Mbung'o, ambao bara huitwa ndorobo, waliifunga njia baina ya pwani na maziwa makuu. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alijaribu njia ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akarudi na matumaini. Mwaka uliofuata wenzake walipokuja na magari ya kukokotwa, ng'ombe wakafa njiani. Kwa hiyo pembe, vitambaa, shanga na waya viliendelea kupanda na kushuka juu ya mabega ya wapagazi, na wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Majembe ya chuma yaliyofuliwa na Warongo, wahunzi wa upande wa Geita na Uzinza, nayo yalisafiri hivyo hivyo, yakatumika kulimia, kubadilishia bidhaa na kulipia mahari. Chuma kilijulikana, na ufundi wa moto ulikuwapo. Lililokosekana ni njia ambayo mnyama angeweza kuipita akabaki hai.

Mambo yalizidi kuwa mabaya kabla ya kuwa mema. Sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliangamiza mifugo, malisho yakageuka vichaka, na vichakani ndorobo wakazaliana. Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ikawa makao ya uchunguzi wa mdudu huyo chini ya Charles Swynnerton, na mapori yakafyekwa kwa nguvu za maelfu ya mikono. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, ikipita Malampaka katika nchi ya Maswa. Reli ilileta soko la pamba karibu, wala si mlangoni. Kati ya shamba na kituo, au kati ya shamba na kiwanda cha kuchambulia pamba, bado palikuwa na mwendo wa siku, na mzigo bado ulikuwa juu ya kichwa.

Pamba ndiyo iliyolidai gurudumu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kilimo chake kilipanuka mno Usukuma, na wakulima walipochoka na mizani ya wanunuzi walijiunga pamoja. Mwaka 1955 ukaundwa umoja wa vyama vya ushirika wa Victoria, VFCU, na jina la Paul Bomani likawa maarufu katika Tanganyika nzima. Ushirika ulimpa mkulima mizani anayoiamini na ghala la jirani. Kilo za kupeleka huko zilibaki shauri lake mwenyewe. Jembe la kukokotwa, ambalo kwa Kiswahili huitwa plau, lilikwisha kuwafundisha fahali kuvaa nira na kwenda sambamba. Fahali aliyekwisha kujua kuvuta plau wakati wa masika hana udhuru wa kukataa kuvuta tela wakati wa mavuno.

Serikali ya uhuru ilishawishika kwanza na trekta. Katika miaka ya 1960 mashamba ya pamoja ya pamba yalilimwa kwa matrekta Usukuma, na gharama ya mafuta, vipuri na madereva ikala faida yote. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kusema waziwazi kwamba mkulima wa jembe la mkono hawezi kurukishwa hadi kwenye trekta, na kwamba hatua ya katikati ni ng'ombe. Huko Arusha, kituo cha kupima mitambo ya kilimo, TAMTU, ambacho kazi yake baadaye ilirithiwa na CAMARTEC, kilihimiza mikokoteni ya kuundwa kijijini kwa mbao. Lilikuwa wazo la heshima: kijiji kisingehitaji kununua chochote kutoka mbali. Lakini gurudumu la mbao huzama mchangani na hupasuka kiangazi, na mbuga nyeusi za Simiyu, zinazonata wakati wa mvua na kufanya nyufa wakati wa jua, hazilihurumii. Mafundi wa Usukuma walilitazama, wakaliheshimu, wakachukua njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwa kwenye magari yaliyokufa. Landrova ya idara iliyoachwa nyuma ya boma, lori la Bedford lililovunjika mgongo: vyote hivyo vilikuwa na kitu ambacho injini ikifa hakifi, nacho ni ekseli yenye habu, beringi na rimu. Fundi aliikata ekseli ya mbele au ya nyuma, akaondoa difu ili kupunguza uzito pale ilipowezekana, akachomelea bomba au chuma cha pembe katikati, kisha akaweka juu yake kitanda cha mbao ngumu na mti mrefu wa kufungia nira. Tairi iliyokwisha kwa lori bado ilikuwa na maisha marefu mbele ya fahali wawili, maana hao hawaendi kasi ya kuipasua. Chombo kama hicho, kikiwa imara, huchukua mzigo unaokaribia tani 1, sawa na vichwa vingi vya watu.

Huko Uingereza pana watu wanaojivunia kuunda gari nyumbani kutokana na vipande vilivyonunuliwa katika masanduku. Colin Chapman wa Lotus alianza kuuza Lotus Seven kwa namna hiyo mwaka 1957, na sababu kubwa ilikuwa kodi: gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, vipande havikutozwa, na hali hiyo ikadumu hadi mwaka 1973. Watu wale wana vilabu, maonyesho na vitabu vya maelekezo, na hakuna anayewaita maskini kwa sababu wamechukua ekseli ya gari kuukuu. Fundi wa Bariadi alifanya kazi ya jinsi moja, bila sanduku na bila kitabu. Gari bovu ndilo lililokuwa sanduku lake. Tofauti baina yao ni kwamba mmoja aliunda kwa ajili ya starehe ya Jumapili na mwingine kwa ajili ya pamba ya mwaka mzima. Na dunia, kwa ajabu yake, ikampa jina la ubunifu yule wa starehe.

Pwani haikosi mfano wa kumfahamia fundi huyu. Fundi wa jahazi haanzi na mchoro. Huanza na mti, akautazama umekunjikaje, ndipo akajua utakuwa taruma la upande gani. Mafundi seremala wa Unguja walichukua lori dogo lililoletwa tupu, wakalijengea bodi ya mbao yenye paa na viti vya ubavuni, na magari hayo ya shamba yakawabeba watu hadi Makunduchi na Nungwi kwa miaka mingi. Hakuna anayesema kwamba gari lile ni la Japani tu. Nusu yake ni ya msumeno wa Unguja. Kwa hesabu hiyo hiyo, mkokoteni wenye ekseli ya Kiingereza na mbao ya Meatu ni chombo cha Meatu.

Umuhimu wake ulionekana zaidi katika miaka migumu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta na vipuri viliadimika nchi nzima. Malori ya kubebea pamba yalisimama juu ya mawe kwa kukosa tairi. Kila lori lililosimama lilikuwa msiba kwa taifa na, kwa fundi wa kijijini, ghala la vyuma. Si jambo la kusherehekea, kwani pamba iliyokosa usafiri ilikuwa njaa ya mtu. Lakini ni haki kukumbuka kwamba uchumi wa mitambo ulipoanguka, mwendo wa fahali haukusita.

Wala si haki kumpamba mkokoteni kupita kiasi. Aliyekuwa na ng'ombe ndiye aliyekuwa na mkokoteni, na mwenye ng'ombe aghalabu alikuwa mwanamume. Maji na kuni vilipohama kutoka kichwa cha mke kwenda kwenye kitanda cha tela, mwanamke alipata nafuu ya shingo. Lakini mjane asiye na fahali alilazimika kukodi, au kuendelea na ndoo yake. Watoto wa kiume walioongoza maksai walifika shuleni wamechelewa, na wengine hawakufika. Chombo kilipunguza uzito wa mzigo bila ya kubadili nani anamiliki nini.

Katika utungo, Wasukuma hawakukaa kimya. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana baada ya mavuno, vimetunga juu ya kila kitu kilichoingia shambani, na kitabu cha Frank Gunderson cha mwaka 2010 kimekusanya nyimbo za kazi zaidi ya 300 kutoka nchi hiyo. Mwenye kupenda shairi ajue kwamba huko jembe lina mghani wake. Mshairi wa pwani ameimba jahazi kwa karne nyingi, tanga na omo na nanga vikawa mafumbo ya mapenzi na siasa. Nira, mjeledi na ekseli bado vinangoja kuingia katika Kiswahili cha tungo kwa heshima ya namna hiyo.

Kungoja huko kuna mwisho. Pikipiki za magurudumu matatu, ambazo watu huziita toyo au guta, zimekwisha kushika kazi ya mijini, na barabara za lami zinazoifikia Bariadi zinampendelea mwenye injini. Chuma chakavu, ambacho zamani kilikaa nyuma ya boma kikimngoja fundi, sasa kina mnunuzi anayekipima kwa kilo na kukipeleka kiwandani kikayeyushwe. Ekseli nzuri huenda pamoja na sufuria iliyotoboka. Na mzee aliyejua kutazama gari bovu akaona ndani yake chombo kizima anazeeka bila mtu kumwuliza alianzaje.

Nyayo Pioneer ina picha zake, na Nyumbu ina kituo chake. Simiyu ina watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya mwaka 2022, na nyumba nyingi humo zimelishwa na pamba iliyofika ghalani kwa mkokoteni. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yamehifadhi ngoma na viti vya watemi, na yamefanya vyema. Ekseli moja ya Bedford, yenye alama za nyundo ya fundi wa Usukuma, ingestahili kuwekwa kando ya viti hivyo, ikiwa na maelezo ya namna ilivyokatwa, kwa kinywa cha aliyeikata, maadamu yupo.