Waashuri na Wasyria: Jina Moja, Watu Wawili

Kisa cha Nabii Yunus (a.s.) tunakisikia sana kwenye darsa, na tunaambiwa alitumwa Ninawa. Lakini Ninawa yenyewe iko wapi? Kuna watakaokujibu Syria. Sivyo. Iko Iraq, ng'ambo ya mto Tigris mkabala na mji mkongwe wa Mosul, na ilikuwa makao ya dola ya Waashuri. Hata hivyo kuchanganya huku kuna asili yake, tena ya zamani sana.

Ashur lilikuwa jina la mji, la mungu wa sanamu wa watu wake, kisha la nchi nzima. Wafalme wake walijipanua kuelekea magharibi hata Damascus wakaiteka, mwaka 732 kabla ya Nabii Isa (a.s.). Nchi zile zikaitwa kwa jina la mwenye kuzitawala. Jina lilipopita midomoni mwa Wagiriki na jirani zao likadondosha mwanzo wake: Assyria ikawa Syria. Herodotus aliandika kuwa watu ambao Wagiriki huwaita Wasyria, wengine huwaita Waashuri. Wanachuoni walibishana sana juu ya jambo hili, mpaka 1997 likapatikana sanamu la mawe huko Çineköy, karibu na Adana, Uturuki, limeandikwa kwa lugha mbili. Pale Kifoinike kinaposema Ashur, ile lugha ya pili, Kiluwi, inasema Sura. Basi ubishi ukapungua.

Jina ni moja, lakini watu je? Dola ya Ashuri ilipoteza Ninawa mwaka 612 kabla ya Nabii Isa, na jina la Syria likabaki kule magharibi. Waarabu wao waliiita nchi ile Sham, ndiko Maquraishi walikokwenda kufanya biashara. Syria ya leo ilipata uhuru 1946. Kwa hivyo Msyria ni raia wa nchi, na wengi wao ni Waarabu Waislamu. Mwashuri ni mtu wa kabila: Mkristo, lugha yake tawi la Kiaramu, na aweza kuwa raia wa Iraq, Uturuki, Iran, ama hiyo hiyo Syria. Kwa lugha yake hujiita Suraya au Suryoyo. Wako wanaokataa kuitwa Waashuri, wanasema wao ni Waaramu, na ugomvi huo haujaisha.

Kwetu Waislamu watu hawa si wageni. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze Kisuryani. Na alipotoka Taif akiwa amepigwa mawe, aliyemletea zabibu ni Addas, mtumwa Mkristo wa Ninawa. Mtume akamwambia: huo ni mji wa Yunus, mtu mwema.

Mwaka 2014 wapiganaji wa ISIS waliwafukuza Wakristo wa Mosul, nyumba zao wakazitia alama ya herufi nun, na Julai hiyo hiyo wakaulipua msikiti wa Nabii Yunus. Sehemu ile ilipokombolewa 2017, wachimbaji wa mambo ya kale waliingia chini ya kifusi wakakuta mabaki ya kasri, na maandishi yenye jina la Esarhaddon, mfalme wa Ashur.