Fulana Isiyokuwapo

Mwezi wa Machi mwaka 2013 ilionekana katika duka la Amazon fulana yenye maneno ya kuhimiza ubakaji. Ghadhabu ilienea upesi Uingereza, na kampuni ya Massachusetts, Marekani, iliyoiweka dukani ikaomba radhi. Utetezi wake ndio ulionifikirisha, mimi niliyeishi kwa kusahihisha kazi za watu. Walisema hakuna binadamu aliyeyatunga maneno yale. Kompyuta ilipewa orodha ya maneno, ikayaunganisha yenyewe, na kila muungano ukawa bidhaa. Wala fulana yenyewe haikuwapo. Ilikuwa picha tu. Ingechapwa siku ambayo mteja angelipa.

Kiolezo chao kilikuwa bango la serikali ya Uingereza la mwaka 1939, lililowataka raia watulie na kuendelea na shughuli zao. Zilichapwa nakala karibu milioni mbili na nusu, nyingi zikaishia kusagwa bila kubandikwa popote. Mwaka 2000 muuza vitabu wa mji wa Alnwick aliikuta nakala moja ndani ya sanduku la vitabu vikuukuu. Baadaye kila mwenye mzaha akaligeuza apendavyo.

Ndugu msomaji, nimejiuliza ni nani aliyekuwa mhakiki hapo zamani, na jibu langu ni gharama. Fulana zilikuwa zikichapwa kwa fremu: kitambaa chembamba huwambwa, pasipotakiwa wino huzibwa, kisha wino husukumwa upite. Kila rangi ina fremu yake, na kazi ya kuziandaa ni ileile, uchape fulana 1 au 500. Basi mtu alifikiri mara mbili. Mfanyabiashara wa kanga wa pwani yetu aliyajua hayo vizuri: jina likiwachukiza akina mama, mzigo ulimwozea. (Sijapata kuona wahakiki wakali kuliko hao. Husoma jina huku wameshika pindo, na muuzaji husubiri kama mtahiniwa.)

Siku hizi mashine hupuliza wino moja kwa moja juu ya pamba, kama printa ya ofisini, na fulana moja peke yake huchapwa bila hasara. Ni neema kwa mchoraji asiye na mtaji, wala siibezi. Lakini gharama ilipoondoka, mhakiki naye aliondoka.

Kulikuwa na njia nyingine. Mwaka 2000 Jake Nickell na Jacob DeHart walianzisha Threadless huko Chicago. Wachoraji walipeleka michoro, watu wakaipa alama kutoka 0 hadi 5, na iliyofanya vizuri ndiyo iliyochaguliwa kuchapwa. Kwangu huo ni mtihani halali, ila una upungufu mmoja: mtoa alama ameona picha, hajagusa kitambaa.

Mjukuu wangu aishiye Marekani anauza fulana za namna hii, akitumia majina ya kanga. Aliniletea michoro 12 nitoe maksi. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nitasahihisha karatasi ambayo mwanafunzi hajaiandika?" Akaagiza 2 zilizokuwa zikiuzwa zaidi, akanitumia. Ile nyeusi ilikuwa na tabaka nene la wino mweupe, ambalo huwekwa chini ili rangi zionekane. Baada ya kufuliwa mara 5 likaanza kupasuka. Ya pili, ya kijivu, ilikuwa imara na maandishi yake yalisomeka toka ng'ambo ya ua.

Tatizo la hii ya pili lilikuwa jina lake. Ni jina la matusi ya ukewenza, ambalo mke hulivaa akijua nani atalisoma, na huyo naye hujua kuwa ameambiwa. Mjukuu wangu alilipenda kwa mlio wake. Binti wa Minnesota asiyejua Kiswahili amelivaa kifuani, anapita mbele ya mama wa Kimombasa, na hajui anamwambia nini.

"Babu, ndiyo inayolipa kodi ya nyumba," akanijibu kwa simu. Tulibishana hadi salio lake likaisha. Wiki ya pili akanipigia kuniarifu kwamba ameiondoa ile ya kijivu. Ile nyeusi, inayopasuka, bado anaiuza.