Giaboksi na Mlima: Habari za Pikapu Kuukuu za Uluguru



Kurasa kama hizi mara nyingi huwa na habari za wenzetu waliofika mbali: mabalozi, madaktari, majaji na wakurugenzi. Ni haki yao, na sisi sote twajivunia. Lakini mtu anayetaka kuijua historia ya Morogoro ya miaka hamsini na zaidi iliyopita hana budi kuinama kidogo na kuchungulia chini ya gari, mahali ambapo wengi wetu hatukufundishwa kupaheshimu. Leo nitaandika juu ya kitu kimoja tu, giaboksi, na jinsi mafundi walivyoing'oa katika gari moja na kuifunga katika pikapu kuukuu, ili mazao ya Uluguru yapate kufika sokoni.

Tuanze na mlima wenyewe. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika mjini mwaka 1907, lakini haikupanda mlimani. Aendaye Mgeta huiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga na kuanza kupanda kona baada ya kona. Aendaye Matombo huzunguka upande wa mashariki kwa njia ya Bigwa na Mkuyuni. Mgeta hutoa kabichi, karoti, njegere na viazi. Upande wa Matombo na Kinole hutoa ndizi, mananasi na viungo. Kwa vizazi vingi mzigo huo ulishuka kichwani mwa watu, hasa akina mama. Ilipopatikana pikapu ya kufika huko juu, maisha ya mkulima yalitegemea kama itapanda, na zaidi sana kama itashuka salama.

Hapo ndipo giaboksi inapoingia. Injini peke yake haina nguvu ya kuinua mzigo mlimani ikizunguka polepole. Gia ni kama mtaimbo: ukiwa mrefu, mtu mmoja huinua jiwe kubwa, ila jiwe huinuka kidogo tu. Gia namba moja ndiyo mtaimbo mrefu. Wafaransa wa Panhard et Levassor walitumia gia za kuteleza mwaka 1891. Mwaka 1928 Cadillac ya Marekani ilileta sinkro, yaani vikonzo vinavyolinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana, zisisagane. Miaka kumi na kitu baadaye Oldsmobile za modeli ya 1940 zilitoka na gia za otomatiki.

Lakini gari lililotawala njia zetu za milimani lilikuwa Land Rover, iliyoonyeshwa hadharani Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Ilikuwa na gia nne za mbele, na nyuma ya giaboksi ilikuwapo transfa yenye gia kubwa na ndogo. Sinkro ilikuwa katika gia ya tatu na ya nne tu. Dereva wa modeli hizo, hata Series IIA ya mwaka 1961, alipotaka kurudi gia namba moja au mbili gari likiwa linakwenda, alilazimika kukanyaga klachi mara mbili na kuongeza mafuta katikati, kwa kipimo cha sikio lake. Akikosea, gia hulia na kukataa. Sasa fikiri yupo kwenye mteremko wa udongo mwekundu, mvua imenyesha, nyuma kuna magunia na abiria juu yake, na gari halimo katika gia yoyote. Breki zikipata moto hapo, bonde halina huruma.

Mwaka 1971 ilitoka Series III, yenye sinkro katika gia zote nne za mbele. Hapo wenye pikapu za zamani wakaanza kuitamani giaboksi hiyo.

Kuipata ikawa kazi nyingine. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, basi njia ya kununua vipuri Nairobi ikafa. Vita vya Kagera vilianza mwaka 1978, na mwaka 1979 mafuta yakapanda tena. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na vipuri vikawa adimu vilevile. Magari yalisimama juu ya mawe nyuma ya maofisi na gereji. Kwa macho ya ofisi yale yalikuwa machuma chakavu, lakini fundi aliyapita akihesabu: hili lina difu nzima, lile lina giaboksi ya Series III.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Kwenye Land Rover giaboksi haitolewi kwa chini. Fundi hufungua viti, sanduku la viti na sakafu. Hutoa propela ya mbele na ya nyuma, waya wa spidomita na fimbo za handibreki, kwa sababu handibreki ya gari hili hushika mgongoni mwa transfa wala si magurudumuni. Injini huegemezwa gogo ili isiiname. Kisha giaboksi na transfa yake, uzito unaopita kilo 100, huvutwa nyuma, huinuliwa kwa mnyororo au kwa mabega ya vijana, na kupitishwa mlangoni.

Kurudisha ndiko kunakotenganisha fundi na kibarua. Giaboksi ya Series III huja na kengele yake, na silinda ndogo ya klachi imefungwa kwenye kengele hiyo, tofauti na mpango wa IIA. Kwa hiyo paipu ya mafuta lazima ipewe njia mpya. Sahani ya klachi lazima ilingane na meno ya shafti, na ikae katikati kabisa. Fundi asiye na kifaa maalumu hutumia kipande cha shafti ya giaboksi iliyokufa kuiweka sawa. Na hakuna ruhusa kuuacha uzito wa giaboksi uning'inie kwenye klachi hata dakika moja, maana sahani itapinda, na gari litaanza kutetemeka siku lile lile linapoondoka gereji.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baada ya hapo injini na pikapu za Kijapani zikaongezeka. Mafundi wakapata mtihani mpya: kufunga injini ya dizeli ya Kijapani ndani ya Land Rover. Giaboksi ya injini hiyo ikitumika peke yake, gari hupoteza transfa, na pamoja nayo gia ndogo na nguvu ya magurudumu manne. Kwa njia ya Mgeta hiyo ni hasara kubwa. Aliyejua kazi alichonga sahani ya chuma kwenye mashine ya kereza, akaiunga injini ngeni na giaboksi ya zamani, akabakiza transfa.

Siku hizi magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani ni ya otomatiki. Otomatiki ya kisasa si mbovu. Mjini inapumzisha mguu. Lakini mwenye pikapu kuukuu ya namna hiyo anayetaka kuibadilisha iwe ya gia za mkono ajue kwamba hanunui giaboksi tu. Anahitaji pedali ya klachi, masta silinda, flaiwili mahali pa sahani nyembamba ya otomatiki, beringi ndogo ya mwisho wa krenki, na propela ya urefu unaofaa. Waya unaozuia gari kuwaka likiwa ndani ya gia nao hushughulikiwa, ama sivyo ataweka giaboksi nzima na gari lisiwake.

Ndugu zangu, shuleni tulipimwa kwa kalamu, na aliyeshika spana tulimwona kama aliyeshindwa. Lakini katika miaka ile ambayo ofisi nyingi hazikuwa na la kufanya ila kuandika barua za kuomba vipuri, kabichi zilishuka Mgeta na wagonjwa walishuka Matombo, kwa akili za watu waliosoma kulalia migongo yao. Wengi wao sasa ni wazee, na hawakuandika kitu. Wakiondoka, wataondoka na vipimo vyao.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika mkutano wetu ujao Kamati iwaalike mafundi wazee wa mji huu, wakae meza ya mbele, na vijana wa shule wenye daftari waandike wanayosimulia. Gharama yake ni chakula cha mchana na nauli.

Naomba kutoa hoja.