Goldenbridge: Waliolelewa kwa Kiboko Walivyojitafutia Msaada

Akiwa na umri wa miaka kama kumi, Christine Buckley aliandika barua akieleza namna watoto wa Goldenbridge walivyokuwa wakipigwa, akampa dereva wa basi aitie posta. Dereva akaipeleka kwa masista. Kipigo kilichofuata, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, kilimpasua mguu hadi ukashonwa.

Goldenbridge ilikuwa Inchicore, mjini Dublin, chini ya masista wa Sisters of Mercy. Ilikuwa mojawapo ya shule zilizoitwa za viwandani, ambako mahakama za Ireland zilipeleka watoto ambao kosa la wengi wao lilikuwa umaskini tu. Serikali ililipa kwa kila kichwa. Watoto walitunga shanga za rozari kwenye nyaya, saa baada ya saa, na rozari zikauzwa. Buckley, aliyezaliwa 1946 na mama Mwairishi na baba Mnigeria aliyekuwa akisomea udaktari, alitoka humo akawa muuguzi. Ukubwani aliwatafuta wazazi wake wote wawili, akawapata.

Februari 1996, televisheni ya RTÉ ilionyesha filamu ya Louis Lentin, *Dear Daughter*, iliyosimulia maisha ya Buckley. Watu wazima waliokuwa hawajawahi kuwaambia hata wenzi wao walikolelewa walianza kujitokeza. Ila hapakuwa na mlango wa kuwaelekeza. Mwaka 1999 Buckley na Carmel McDonnell Byrne, naye mtoto wa Goldenbridge, waliufungua wenyewe: kituo cha Aislinn, Dublin.

Kwangu mimi, hapo ndipo historia hii inapoanzia, wala si serikalini. Aislinn ilitoa usikivu, lakini ilitoa madarasa pia. Watu wenye mvi walijifunza kusoma na kuandika kwa mara ya kwanza, kwa kuwa utotoni mikono yao ilihitajiwa kazini kuliko darasani. Anayefikiri msaada kwa manusura ni kukaa na mshauri tu ajiulize: asiyeweza kujaza fomu ataidaije haki yake? Atasomaje jalada lake mwenyewe?

Mwaka huohuo wa 1999 RTÉ ilirusha *States of Fear*, vipindi vya Mary Raftery kuhusu shule hizo, na tarehe 11 Mei Waziri Mkuu Bertie Ahern akawaomba manusura radhi kwa niaba ya taifa. Mwaka 2000 ikaanzishwa huduma ya kitaifa ya ushauri nasaha, bila malipo, ambayo manusura aliweza kuipigia simu mwenyewe bila barua ya daktari. Jambo hilo dogo lilikuwa na uzito mkubwa kwa mtu aliyekuwa akiogopa kila mwenye cheo.

Bodi ya fidia iliyoundwa kwa sheria ya 2002 ililipa zaidi ya watu 15,000, lakini faraghani, na sheria ikaharamisha kuchapisha habari ambazo zingewatambulisha wahusika. Watu waliofundishwa kunyamaza tangu utotoni wakafungwa mdomo tena, safari hii kwa adhabu ya kisheria. Ripoti ya tume ya uchunguzi chini ya Jaji Sean Ryan ilitoka Mei 2009. Ilithibitisha waliyokuwa wakiyasema manusura.

Mfuko wa Caranua ulifuata 2013, ukitegemea hadi yuro milioni 110 kutoka kwa mashirika ya kitawa, kwa ajili ya matibabu, makazi na elimu. Manusura wengi walilalamikia urasimu wake. Agosti 2018 ukaacha kupokea maombi mapya.

Buckley alifariki Machi 2014, na kituo cha Aislinn kikapewa jina lake. Manusura waliobaki ni wazee, baadhi yao wako Uingereza walikokimbilia wakiwa vijana. Wengi wanaogopa jambo moja kuliko kifo: kupelekwa nyumba ya wazee, kulala tena bwenini, kula kwa kengele, na kumwomba mtu mwenye sare ruhusa ya kutoka nje.